YotaPhone 2 chini ya jua la Feri

Saa saba mchana pale Feri, pantoni likiwa bado upande wa Kigamboni, waangalie watu wanavyohangaika na simu. Mmoja kageukia ukutani. Mwingine kaikinga kwa kiganja, kapandisha mwanga mpaka mwisho, na bado anakunja uso akitafuta ujumbe wa muamala. Nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo na simu aliyoniachia mdogo wangu aliporudi kutoka masomoni Moscow. Kioo cha mbele kilikuwa kama cha wenzangu, nilichokiona ni uso wangu tu. Nikaigeuza. Mgongoni maandishi meusi yalikuwa yametulia juu ya rangi ya karatasi, kama gazeti, na kadiri jua lilivyozidi kupiga ndivyo yalivyosomeka vizuri zaidi.

Simu yenyewe ni YotaPhone 2 ya kampuni ya Yota Devices kutoka Urusi, iliyozinduliwa London Desemba 2014. Mbele ina kioo cha kawaida cha inchi 5. Nyuma ina kingine cha inchi 4.7, cha wino wa kielektroniki, aina ile ile inayotumika kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu. Toleo la kwanza, la 2013, kioo cha nyuma kilikuwa cha kutazama zaidi kuliko kugusa. Hili la pili unaendesha simu nzima kwa mgongoni, kuanzia meseji mpaka kitabu.

Wengi wakisikia vioo viwili wanadhani ni mapambo. Mimi nasema hapa kuna fikra nzito, na imefaa Dar es Salaam kuliko ilivyofaa kule ilikobuniwa. Kioo cha kawaida hutoa mwanga wake chenyewe, kwa hiyo lazima kishindane na jua, na jua letu halishindiki. Wino wa kielektroniki hautoi mwanga wowote. Ndani yake kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Zikishafika mahali pake hukaa hapo bila kudai umeme tena. Betri inaguswa pale tu ukurasa unapobadilika, na kilichoandikwa nyuma hakifutiki hata simu ikizima kabisa.

Hilo la mwisho nililishuhudia usiku mmoja umeme wa LUKU ulipotuishia. Nikanunua kwa simu, tokeni ya tarakimu 20 ikaja, chaji ikiwa asilimia mbili. Nikaipeleka tokeni kwenye kioo cha nyuma, na simu ikazima kabla sijaifikia rimoti ya mita. Namba zote zilikuwa zipo. Kwa simu nyingine ningeanza kugonga kwa jirani kuomba kuchaji. Tatizo ni kwamba nilisimama kwenye korido nikiwa na namba 20 nisizoweza kuzisoma, maana upande ule hauna taa. Ilibidi mke wangu alete mshumaa. Nimelifikiria sana tukio lile. Mchana simu hii haina mpinzani, usiku ule ule unaohitaji chaji yake, inakudai mwanga kutoka nje. Na usitegemee video nyuma. Kurasa hubadilika polepole na kuacha kivuli cha ukurasa uliopita.

Haya mtu anaweza kuyavumilia. Ninayoona magumu zaidi ni yale ambayo hayakuonekana kabisa mezani kwa waliobuni.

Simu ina vioo viwili na laini moja. Kwa mji huu hilo ni kosa kubwa. Mtu wa kawaida hapa ana laini ya bando na laini ya pesa, na mwenye duka Kariakoo hawezi kumwambia mteja wa Airtel Money arudi kesho kwa sababu yeye yuko M-Pesa tu. Sehemu ya kadi ya kumbukumbu nayo haipo, una GB 32 na basi. Kava la kawaida hulivalishi, maana litaziba kioo. Kwenye daladala ukiweka simu sikioni, mgongo wake unamtazama jirani, na usipoweka mpangilio wa kuficha ujumbe, anasoma yako yote mpaka Mbagala.

Kisha kuna fundi. Simu ilinidondoka nikishuka kwenye bajaji, kioo cha juu cha mgongoni kikapata ufa, bahati nzuri wino chini yake ukabaki mzima. Nikaenda Mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemwamini, ambaye Samsung au Tecno anaibadilishia kioo ukiwa umekaa kwenye stuli unamsubiri. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akapitisha ukucha kwenye ufa. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Kaka, cha mbele naweza kukutafutia kwa mtu anayeagiza China. Hiki cha nyuma usipoteze nauli yako." Hapo ndipo nilipobadilisha kipimo changu. Sisi hatununui simu peke yake, tunanunua na spea zake na mtu wa kuzifunga. Simu yenye vioo viwili ina njia mbili za kuvunjika, na njia moja kati ya hizo haina tiba Kariakoo nzima.

Bei yake ilipotoka Uingereza ilikuwa pauni 555, takribani shilingi milioni moja na nusu kwa wakati ule. Likaja toleo la tatu 2017, na kufikia 2019 kampuni ilikuwa imefilisika, baada ya mvutano wa kisheria na kiwanda cha Hi-P cha Singapore kilichokuwa kikiitengenezea simu. Microsoft nao walijaribu vioo viwili kwa Surface Duo ya 2020, ya dola 1,399. LG wakatoa Wing mwaka huo huo, na 2021 wakaacha kabisa biashara ya simu. Hao waliongeza kioo kingine cha aina ile ile, yaani kiu ile ile ya umeme mara mbili. Yota walijiuliza kioo cha pili kitafanya nini ambacho cha kwanza hakiwezi, na kwa hilo nawaheshimu.

Yuko atakayesema mjadala umekwisha, kwa kuwa leo simu ya bei ndogo ina betri ya mAh 5,000, mara mbili ya ile ya Yota. Kwa upande wa chaji nakubali bila ubishi. Lakini betri kubwa haimsaidii wakala wa pesa aliye chini ya mwavuli pale Posta, anayeinamia simu kutwa nzima, wala dereva wa bodaboda anayesimama barabarani akiziba ramani kwa mkono. Hao ndio kioo kile kingewafaa zaidi, na hao ndio ambao bei yake haikuwafikiria hata kidogo.

Kwa hiyo anayeniuliza kama aiagize iliyotumika, namwambia asiitie laini yake ya kazi humo. Mimi mwenyewe natembea na simu mbili. Ya laini mbili iko mfuko wa mbele kwa ajili ya miamala. Hii ya Urusi sikuiwekea laini tena, ni ya kusomea nikisubiri pantoni. Ufa umepita katikati ya ukurasa, nimeuzoea, na foleni nzima bado inaziba vioo kwa viganja.