Mfalme Kapotea, Meza Imetekwa

Balaa lote lilianzia chooni. Si choo cha nyumbani, hicho kinafanya kazi yake bila makuu. Nasema choo cha kwenye ngome.

Nilikuwa nimefika mbali, jamani. Kuta nne zimesimama, mnara wa kona umepanda, daraja la kunyanyua linapanda na kushuka kwa uzi, matundu ya kurushia mishale nimeyahesabu mara mbili. Vitofali vya kuchezea vya Lego, ndiyo, lakini neno "kuchezea" usilitamke mbele yangu, maana boksi lenyewe limeandikwa miaka 18 na kuendelea. Nikaita familia ije ishangae. Mke wangu alishangaa kweli, ila alichokishangaa ni meza.

"Kwa hiyo tunakula wapi?"

Mwanangu wa miaka saba yeye aliinama, akachungulia dirisha moja moja kama mkaguzi wa majengo, kisha akauliza, "Baba, hawa watu wanajisaidia wapi?"

Nikakosa jibu. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeweka jela, nimeweka zizi la farasi, nimeweka hadi ndoo ya kisimani. Choo sikuweka.

Mwenye akili zake angesema "wanaenda porini" mambo yakaisha. Mimi nikaenda kusoma. Kumbe ngome za Zama za Kati vyoo vyake vilikuwa vijichumba vinavyojitokeza nje ya ukuta, chini vina tundu, na mzigo unadondoka wenyewe hadi chini, mara nyingi handakini. Handaki hilo hilo ambalo kwenye picha linachorwa na bata wanaogelea! Nikasoma na habari za Château Gaillard, ngome ya Mfalme Richard wa Uingereza kule Normandy, iliyotekwa na Wafaransa mwaka 1204. Simulizi inayopendwa ni kwamba askari walipenya kwa kupanda tundu la choo. Wapo wanaobisha, wanasema aliyetangulia aliingilia dirisha la kanisa. Mimi naamini hao wanaobisha ni ukoo wa yule askari, wanamsitiri marehemu.

Basi usiku ule nikabomoa ukuta wa magharibi ili nipate pa kutoboa choo.

Sasa kujenga kitu kinachojitokeza ukutani si sawa na kupanga tofali juu ya tofali. Inabidi baadhi ya vitofali vilale ubavu, vile vichunusi vyake vya juu vitazame nje. Na hapo ndipo hesabu niliyoikimbia shuleni ikanikuta mezani saa sita usiku. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6. Kibamba, yaani kile kitofali chembamba, ni theluthi yake, 3.2. Kutoka kichunusi hadi kichunusi ni milimita 8. Kwa hiyo ukipanga vibamba vitano juu kwa juu unapata milimita 16, sawasawa na vichunusi viwili kwa pembeni, na kitu kilicholala ubavu kinakaa pale kama kimezaliwa pale. Nilipoligundua hilo nilitaka kumwamsha mke wangu. Nikamwamsha. Sitasema alijibu nini.

Tundu lenyewe nililianza kwa vichunusi viwili, nikajaribisha na kijitu cha mfalme. Mfalme akakwama mabega. Nikabomoa, nikafanya vitatu. Akakaa vizuri kabisa, taji kichwani, mikono mbele, kama anasubiri jambo. Nikaridhika. Nikampa mtoto amshike, nikaanza kufunga ukuta.

Mtoto alipaswa kuwa amelala, lakini nyumba ile nani anamsikiliza nani. Kila nikiinua kichwa naye yumo, mara anasogeza farasi, mara anauliza kama handaki lina mamba. Nikamwambia nina kazi nyeti, asinisumbue. Nimebakiza safu mbili za mwisho, akaniambia taratibu, "Baba, kuna mtu."

Nikaacha kila kitu, nikaenda mlangoni. Hakuna. Nikachungulia dirishani, hakuna. Nikarudi nikamwambia, "Hakuna mtu, nenda kalale," nikamalizia safu zangu mbili, nikaweka paa, nikalala na furaha ya fundi.

Asubuhi nikakuta misiba miwili.

Wa kwanza ni rangi. Vitofali vya ukuta wa choo nilivitoa kwenye mfuko wa mitumba niliounganisha na vyangu, na mimi kwa ujinga wangu nilijua kijivu ni kijivu. Siyo. Kijivu cha kabla ya 2004 kinaelekea umanjano kidogo. Kilichofuata kinaelekea ubuluu, ukiona utanielewa. Chini ya taa ya usiku ni mapacha. Jua lilipoingia, ukuta wangu ulikuwa na mabaka kama mgonjwa wa ukurutu. Wageni nawaambia ni kiraka cha baada ya vita. Nimeelewa sasa kwa nini ngome ya kwanza ya Lego yenye vijitu hivi, ya mwaka 1978, ilikuwa ya njano tupu. Ngome ya njano haifanani na ngome yoyote duniani, lakini haina mabaka.

Msiba wa pili ni kwamba mfalme hayupo.

Nilimtafuta chini ya kochi. Nilimtafuta kwenye viatu. Nilimwaga pipa la taka sakafuni nikalichambua kwa uma, mbele ya jirani aliyekuja kuazima ngazi. Nilichambua na rundo la vitofali lote, na hapa nikupe siri ya bure: usipange vitofali kwa rangi. Mimi nilipanga kwa rangi, ikapendeza sana, halafu kutafuta kitofali cha kijivu ndani ya ndoo ya vitofali vya kijivu kukawa kama kutafuta chumvi ndani ya chumvi. Panga kwa umbo. Jicho linaona rangi lenyewe. Kuna na kidude maalumu cha kutenganishia vibamba vilivyong'ang'aniana. Nilikuwa nacho. Kimepotelea ndani ya rundo la vibamba vilivyong'ang'aniana. Ndiyo maana jino langu la mbele liko hivi.

Nikamshuku mke wangu na ufagio wake. Nikamhoji. Wiki tatu nyumba haikuwa na amani, kila mtu ni mtuhumiwa, chakula kinaliwa mapajani, na kiti cha enzi kiko wazi. Watu 22 wanaishi ndani ya ile ngome bila kiongozi. Nilifikiria kumpa mwokaji mikate taji la muda.

Ndipo mke wangu akauliza lile swali ambalo wake wa mafundi wote wanaliuliza: "Hii kitu itaisha lini?"

Nikamwambia mke wangu, tulia nikusimulie. Kule Wales kuna ngome inaitwa Beaumaris. Mfalme Edward wa Kwanza aliianzisha mwaka 1295, chini ya fundi mkuu James wa St George. Mwaka uliofuata fundi akaandika barua, anahesabu watu alionao: waashi 400, wavunja mawe 200, vibarua 2,000. Na mwishoni anaomba hela, kwa jina la Mungu hela zije upesi, la sivyo yote yaliyokwisha kufanyika ni kazi bure. Unajua iliisha lini? Haikuisha! Hadi leo haijaisha. Na mwaka 1986 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia, na minara yake mifupi hivyo hivyo. Mtu mwenye vibarua 2,000 ameshindwa kumaliza, mimi nina mtoto mmoja, na goti bovu.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Akasema, "Huyo alikuwa na mfalme wa kumwandikia barua. Wewe wako kapotea."

Nikajaribu kumweleza kuhusu Guédelon, wale watu wa Ufaransa wanaojenga ngome ya karne ya 13 kwa nyundo na patasi tangu 1997, na hakuna anayewauliza itaisha lini. Akasema hao hawajengi juu ya meza yake.

Jumamosi mama mkwe akaja. Ujio wa mama mkwe ni jambo ambalo hakuna kitabu cha historia kilichoniandaa nalo. Nilishaombwa mara nne niondoe ngome, nami nikaeleza mara nne kwamba ngome haiondolewi, inazingirwa. Kwa hiyo alikaribishwa mezani, akaweka mkoba wake kando ya daraja, akavaa miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo hii. Akaizunguka. Nikamweleza kwamba vitofali sita tu vya vichunusi vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Akasema, "Na wewe ukachagua hii." Nikamweleza kwamba kitofali kilivyosajiliwa mwaka 1958 kule Denmark, hadi leo cha zamani na kipya vinashikana. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, hakusema kitu. Kisha akagonga ule ukuta wa mabaka kwa ukucha.

"Na hiki kilichovimba huku nje ni nini?"

"Choo, mama."

"Choo. Sawa." Akahamia upande wa ndani, akainama, miwani ikateleza hadi ncha ya pua. Akakaa hivyo muda. "Mlango wake uko wapi?"

Mimi nikacheka kidogo, kile kicheko cha fundi anapoulizwa swali na mtu asiye fundi. Nikainama nami nimwonyeshe mlango. Upande wa ndani kulikuwa na ukuta. Ukuta mzuri, umenyooka, safu kumi na moja, hauna hata ufa.

Sebule nzima ilikuwa kimya. Nikatoa paa. Nikang'oa safu ya kwanza kwa kucha, ya pili kwa jino, mama mkwe akiwa ameshika miwani kwa mikono miwili.

Mfalme alikuwa amekaa. Taji kichwani, mikono mbele, vile vile nilivyompima. Wiki tatu.

Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni na farasi wake. Hata hakuinua kichwa.

"Si nilikwambia, baba, kuna mtu?"