Kisima kilichokufa kisihesabiwe

Bajeti ya wilaya ikisomwa, tunatajiwa visima vipya vitakavyochimbwa na makofi yanapigwa. Natamani mwaka mmoja tusomewe pia visima vya zamani: vingapi vinatoa maji, vingapi vimebaki vyuma vimesimama porini.

Naishi Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye ukanda wa wafugaji ambako kiangazi hakina huruma. Ziwa Nakivale linanywesha wenyeji, wakimbizi wa makazi ya Nakivale na ng'ombe, wote pamoja. Maji yake yana tope. Lazima yatiwe shabu ili tope litulie chini, yachujwe, yatiwe klorini, kisha mashine iyasukume hadi kwenye matangi ya vilimani, ndipo yateremke yenyewe mpaka kwenye mabomba ya jumuiya. Kila hatua inakula pesa. Mashine ikizima, foleni ya jerikani inaanza kabla jua halijachomoza.

Walio mbali na ziwa wanategemea chemchemi, matangi ya mvua na visima vya pampu ya mkono. Kwa hesabu ya serikali, kisima kimoja cha pampu kinatosha watu 300, na mwanakijiji huhesabiwa kuwa amefikiwa kama chanzo kiko ndani ya kilomita 1. Haya, lakini jerikani ya lita 20 ni kilo 20, na wanaoibeba kupandisha mlima mara nyingi ni watoto. Kisima hicho kikifa, hiyo kilomita 1 haina maana tena.

Na kinakufaje? Taratibu. Kwanza mkono wa pampu unakuwa mwepesi, unapiga mpaka mabega yanauma ndipo maji yatoke, kwa sababu washa, pete ya mpira inayopandisha maji kule chini, imelika. Kipuri chenyewe ni kidogo. Kazi ni kukifikia: kwenye pampu za mkono za aina ya U2, ambazo ndizo nyingi huku, fundi anavuta mabomba yote nje, moja baada ya jingine.

Mabomba nayo yana mambo yake. Maji ya ardhini sehemu nyingi za Uganda yana asidi, na asidi inakula chuma kilichopakwa zinki. Maji yanatoka mekundu, chai inakuwa nyeusi, shati jeupe la shule linageuka rangi ya udongo. Mama akiona hivyo anarudi kwenye bwawa la ng'ombe, na simlaumu. Mwaka 2016 wizara ya maji ilizuia mabomba ya aina hiyo kwenye pampu za mkono. Uamuzi mzuri kabisa, lakini yaliyokwisha kufungwa ardhini hayajing'oi.

Hapo ndipo nisipokubaliana na utaratibu wetu. Sera ya Taifa ya Maji ya 1999 iliacha matengenezo ya kawaida kwa watumiaji wenyewe, kupitia kamati zao. Nawaheshimu wanakamati, hasa akina mama wanaoshika funguo na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba mchango bila mshahara. Lakini vijisenti vya kijiji haviwezi kununua mabomba ya chuma cha pua, kisichoshika kutu. Barabara ya wilaya ikibomoka, greda ya wilaya inakuja. Hakuna anayewaambia wanakijiji wachangie kalvati. Kwa nini maji ya kunywa yawe tofauti?

Wapo wanaosema wilaya ikilipa kila kitu, watu hawatatunza chanzo. Hoja hiyo ina uzito. Basi kaya ziendelee kuchangia uzio, usafi na posho ya mlinzi wa pampu. Mabomba, vipuri na malipo ya fundi viwe vya wilaya, fundi awe na mkataba wa kupita kukagua kabla pampu haijakwama, na orodha ya visima vyote ibandikwe kwenye ofisi ya gombolola, yaani tarafa, kila kimoja na hali yake, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiwa ametia sahihi kwamba kinatoa maji au hakitoi.