Steroidi kwenye nimonia kali: siku 8, 10 au 20?

Steroidi ni dawa za kutuliza uvimbe mwilini, na madaktari hubishana zitolewe kwa siku ngapi. Wanaotetea muda mrefu wana hoja. Homa inaweza kushuka huku mapafu bado yamevimba, na steroidi ikikatwa mapema oksijeni huweza kuporomoka tena. Lakini katika utafiti wa ESCAPe, kwa maveterani 584 wa Marekani, siku 20 za methiliprednisoloni (aina ya steroidi) hazikuleta tofauti ya kutegemewa: vifo asilimia 16 kwa waliopewa dhidi ya 18 kwa wasiopewa, ndani ya siku 60. Dozi ya kwanza iliruhusiwa kuchelewa hadi saa 96 tangu kufika hospitalini.

Utafiti wa CAPE COD wa Ufaransa (2023) uliwahi: haidrokotisoni, steroidi nyingine, ilianza ndani ya saa 24 tangu dalili za ukali kuonekana, 200 mg kwa siku. Siku ya nne mgonjwa alipimwa upya. Aliyepata nafuu alishushiwa dozi na kumaliza siku ya 8. Asiyepata aliendelea hadi siku ya 14. Vifo vilikuwa asilimia 6.2 dhidi ya 11.9 kwa wasiopewa. Nchini Kenya, kwenye hospitali 18 za umma, siku 10 za steroidi ya kumeza kwa dozi ndogo zilishusha vifo kutoka asilimia 26.0 hadi 22.6.

Kwa maoni yetu, kuwahi kuna uzito kuliko kurefusha. Kosa tunaloliogopa zaidi ni kuongeza siku kwa sababu tu mgonjwa hajapata nafuu. Siku ya nne asipopumua vizuri, tafuta usaha kwenye utando wa mapafu, antibiotiki isiyofaa, kifua kikuu na VVU. Steroidi humtuliza mwenye kifua kikuu kwa muda, ugonjwa ukiendelea. Makohozi yapimwe mapema.

Pasipo pampu ya dripu, haidrokotisoni 50 mg kila saa 6 zinatosha, yaani vichupa 2 vya 100 mg kwa siku. Sukari ipimwe kila saa 6, hata kwa asiye na kisukari. Penye minyoo ya strongiloidi, toa ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo: steroidi huwaachia minyoo hao wasambae mwilini, na hilo huua. Wenye mafua ya influenza hawakuingizwa CAPE COD, kwa hiyo matokeo yake yasitumiwe kwao.

Nimonia ya pneumosistisi (inayoletwa na fangasi) kwa mwenye VVU aliyepungukiwa oksijeni ina ratiba yake: prednisoloni 40 mg mara mbili kila siku kwa siku 5, 40 mg mara moja kila siku kwa siku 5, kisha 20 mg mara moja kila siku kwa siku 11. Hapo siku 21 hazikatwi.