Mjomba kakagua vyombo vya Wafaransa

Mjomba wangu ni nahodha mstaafu wa majahazi kule Tanga, sasa alivyokuja kunitembelea Ufaransa nikampeleka Camaret, kijiji cha wavuvi kule Bretagne, nikijua bahari ndo kitu pekee hatalalamikia. Wapi!

Pale bandarini kuna ulimi wa kokoto wanauita Sillon, pembeni yake mabaki ya vyombo vya mbao vimeachwa vioze, vya wale wavuvi waliokuwa wanafika mpaka Mauritania kutafuta kamba koche. Watu wanapiga picha wanapita zao. Mjomba akaanza ukaguzi. Anagonga mbao, anachokonoa kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, kwa ukucha, "fundi hapa kaiba pamba," mara akaona vitobo vimepangwa ubavuni huko chini.

"He! Wametoboa chombo chao wenyewe?"

Nikamwambia mjomba hiyo makusudi, ndani kulikuwa na kama bwawa, maji ya bahari yanaingia na kutoka ili kamba wafike hai. Akaniangalia juu mpaka chini. "We umesomea kompyuta, usinifundishe chombo." Akashuka kuhakikisha mwenyewe.

Sasa maji yalikuwa yamekupwa, na bamvua ya kule si ya kitoto, kupwa na kujaa zinaweza kupishana kama mita 7, kwa hiyo yale matope yaliyobaki wazi ni mazito kama bada. Hatua chache tu mjomba huyo mpaka magotini. Nikamkamata kwapani, navuta, yeye ananipigia kelele navuta vibaya, mguu ukachomoka fyuu! kiatu kikabaki. Tukaanza kuchimba kwa mikono, mbwa wa mzee mmoja wa Kifaransa anatubwekea, mwenyewe katulia tu anatuonyesha maji yanavyorudi, ikabidi tukimbie.

Tulipofika juu mjomba akaniambia, "Vua." Nikavua, ningefanyaje, ni mjomba.

Basi nikatalii na soksi za matope. Tukauzunguka ule mnara mwekundu wa ulinzi wa Vauban, fundi wa ngome wa mfalme wa Ufaransa enzi hizo, uliwekwa urithi wa dunia 2008, nikamsimulia Waingereza na Waholanzi walivyotaka kushuka hapo 1694 wakachapwa, mpaka ncha ya mnara wa kanisa la jirani inasemekana iling'olewa na mzinga siku hiyo. Hakusikia hata neno, viatu vyangu vinambana. Kuingia kanisani akachangamka ghafla: juu kumening'inizwa vijimeli vya mbao, nadhiri za mabaharia. Akataka niombe vishushwe, aangalie kama navyo vina vitobo.

Usiku nikamsikia anamtumia mkewe voisi, eti kiatu kaibiwa na Wafaransa. "Muulize huyu, alikuwepo."

Simu ikaletwa mdomoni kwangu. Nikasema ndiyo anti, walikuwa wawili.