Kutia Rangi Maua Yaliyochorwa na Mwingine

Mtu mzima akikutwa mezani na boksi la penseli za rangi, mbele yake karatasi yenye alizeti iliyochapwa steshenari, swali la kwanza ni kama anamsaidia mtoto kazi ya shule. Akisema ni yake mwenyewe na inampumzisha, hupokea moja ya majibu mawili. Wengine watamwambia huo ni mchezo wa chekechea. Watu wa sanaa watamwambia kwa upole zaidi kwamba ni sawa, lakini asiuite ubunifu, kwa kuwa mistari si yake.

La chekechea halihitaji muda mrefu. Yapata mwaka 1760, mchapishaji wa London aitwaye Robert Sayer alitoa kitabu chenye picha 60 za maua yasiyotiwa rangi, pamoja na maelezo ya rangi ya kila ua na namna ya kuipaka. Kilikusudiwa mabwana na mabibi, si watoto. Vitabu vya watoto vya kutia rangi vilishamiri zaidi ya miaka mia moja baadaye. Kama kuna aliyeazima mchezo wa mwenzake, ni mtoto.

Hoja ya mistari ni nzito, na walioijenga si watu wa mchezo. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba mtoto anayepewa picha kamili ya mtu mzima aijaze rangi huanza kuudharau mchoro wake mwenyewe. Ng'ombe wake wa miguu mitatu, aliyemchora kwa furaha jana, leo anamwonea haya. Hapo namuunga mkono bila masharti. Mtoto wa miaka minne apewe karatasi tupu na mkaa, aachwe.

Lakini hoja hiyo ilijengwa juu ya mtoto ambaye bado anajiamini, nasi tunaihamishia kwa mama wa miaka arobaini na tano aliyechora mara ya mwisho darasa la saba. Huyo hana imani ya kupotezewa, ilikwisha zamani. Ukimwekea karatasi tupu atakwambia hajui kuchora, ataisogeza pembeni, na jioni yake itaishia kwenye simu. Mwekee waridi lililochorwa tayari, baada ya robo saa utamkuta anabishana na nafsi yake kama kivuli cha petali kiwe cha zambarau au kahawia.

Kuna jaribio moja ambalo sijaacha kulifikiria tangu nililisoma. Mwaka 2005, Nancy Curry na Tim Kasser wa Marekani walichapisha matokeo ya wanafunzi 84 wa chuo. Kwanza waliwachochea wasiwasi, kwa kuwaandikisha kwa dakika chache tukio lililowahi kuwaogopesha. Kisha wakawapa rangi na dakika 20. Kundi moja lilitia rangi mandala, yaani duara lenye nakshi zinazorudiana. La pili lilipewa mirabaraba, kama ya shuka la Kimasai. La tatu lilipewa karatasi tupu, kila mtu achore atakacho. Wasiwasi wa makundi mawili ya kwanza ulishuka kuliko wa kundi la tatu.

Kundi la tatu ndilo lililokuwa na uhuru wote. Kwa kipimo cha wakosoaji, wale ndio waliokuwa wakibuni. Na ndio waliobaki na wasiwasi zaidi. Mimi nauelewa hivi: karatasi tupu inakuuliza "nini?" kabla ya kukuuliza "vipi?", na mtu aliyetoka kazini na kichwa kizito hana jibu la "nini". Ua lililochorwa limeshajibu swali hilo kwa niaba yake. Linamwachia "vipi" peke yake: rangi ipi, mkono mzito au mwepesi, nuru itoke upande gani. Ni maswali madogo yanayojibika, na kila jibu linaonekana papo hapo.

Sitaki kulibebesha jaribio hilo mzigo usio wake. Watu walikuwa 84, wote wanafunzi, kikao kimoja, na hawakutia rangi maua. Liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2012, mandala ilishinda tena lakini mirabaraba haikushinda, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mstari uliochorwa unatuliza. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwafuatilia wanawake vijana kwa wiki moja: waliotia rangi walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi, waliopewa mafumbo ya mantiki hawakupungukiwa. Ila uwezo wa kustahimili magumu haukubadilika. Kutia rangi kulikuwa pumziko. Hakukuwa tiba, na anayeuza karatasi za maua kwa jina la tiba anawadanganya wagonjwa.

Mwaka huohuo wa 2017, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel walilinganisha kutia rangi na kutengeneza sanaa kwa uhuru mtaalamu akiwapo. Njia zote mbili zilipunguza msongo. Lakini ile ya uhuru iliwaongezea watu kujiamini na hisia kwamba wana uwezo wa kubuni. Upande wa pili hauna ushahidi ulio bora kuliko huu, nami naukubali. Nauliza tu: yule mtaalamu anapatikana wapi kwa mtu wa Mbagala saa tatu usiku? Ukurasa mmoja wa kuchapa haufiki bei ya soda.

Na hili la mistari ya mwingine kuua ubunifu, tulilipimaje nyumbani kwetu? Vitambaa vya makochi vilivyodariziwa maua vilijaza sebule za mama zetu, na mara nyingi ua lilinakiliwa kwa karboni kutoka kitambaa cha jirani. Kofia ya vito, mara nyingi mwenye kuchora nakshi si yule mwenye kuishona. Hakuna aliyemwambia mshonaji kwamba kazi si yake. Tuliangalia mkono: nani anashona kwa utulivu, nani anajua uzi gani ukae karibu na upi. Ubunifu ulihesabiwa pale uamuzi ulipokuwa, na kwenye kutia rangi uamuzi uko tele.

Maua hasa yana jambo ambalo mandala haina: yapo nje ya dirisha. Nilimaliza miaka mingi nikiamini ua la bogenvilia ni lile jekundu. Nilipochapa mchoro wa kibotania na kukwama rangi ya kijidude cha katikati, nilitoka nje kuangalia. Kile chekundu ni majani, matatu matatu. Maua yenyewe ni vimrija vyeupe katikati yake. Alizeti nayo si ua moja, ni mamia ya maua madogo yaliyobanana kwenye kichwa kimoja. Penseli ilinilazimisha kutazama, na sijui kama karatasi tupu ingenipeleka uani.

Kinachonisikitisha ni upungufu wa maua yetu. Kurasa nyingi za bure ni tulipu, waridi na tulipu tena. Kilua hakuna, mlangilangi hakuna, tumba la mkarafuu hakuna. Hata ile zambarau ndogo, ua la milima ya Usambara, iliyopelekwa Ulaya miaka ya 1890 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, na sasa inakaa kwenye madirisha ya dunia nzima, ni nadra kuikuta. Ina majani yenye manyoya, petali tano na vichwa vya njano katikati. Mchoraji wetu mmoja angeifanya kwa siku moja. Wakosoaji wanaosikitikia ubunifu wangetusaidia sana hapo.

Wakati tukisubiri, mwenye kutaka kuanza atafute kurasa za maktaba. Tangu mwaka 2016, kila mwanzo wa Februari, maktaba na makumbusho hutoa bure mtandaoni picha kutoka vitabu vyao vya kale ili watu wazitie rangi, katika kampeni iliyoanzishwa na maktaba ya New York Academy of Medicine. Michoro ya mimea ni mingi humo, na ilichorwa na watu walioliona ua. Ni afadhali kuliko zile zinazotengenezwa na kompyuta, petali hazijashikana na kikonyo. Ukichapa, karatasi ya gramu 80 inafaa penseli. Kalamu za wino zitapenya upande wa pili. Ukitaka kutumia rangi za maji, peleka ukurasa kwenye fotokopi kwanza, kwani wino wa printa ndogo za nyumbani mara nyingi huyeyuka brashi ikiugusa.