Kitabu cha Sanaa ya Kanda ya Ziwa: Rangi Kamili au Mistari Myeusi?

Anayetaka kutengeneza kitabu cha picha kuhusu sanaa ya Kanda ya Ziwa, iwe ngoma za watemi, vinyago, vyungu au michoro ya miambani, akifika kwa mchapaji huulizwa mapema: kurasa zote rangi, au nyeusi tupu? Wengi hujibu kwa kuangalia mfuko. Mwenye mfadhili anasema rangi, asiye naye anasema nyeusi. Jibu la namna hiyo linawaangusha wote wawili. Swali lijibiwe kwa kutazama kitu kinachochapwa na mtu atakayekisoma, na nikipima hayo mawili naegemea upande wa mistari, yaani michoro ya kalamu inayochapwa kwa wino mweusi, ingawa upande wa rangi una hoja nzito.

Rangi ina haki yake pale ambapo rangi ndiyo habari yenyewe. Kisiwani Mfangano, upande wa Kenya wa ziwa, kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga kuna miduara iliyochorwa kwa nyekundu na nyeupe, kazi inayohusishwa na Watwa walioishi huko zamani. Ipige picha miduara hiyo kisha uichape nyeusi na nyeupe: nyekundu inageuka kijivu cha kati kisichotofautiana na kivuli cha ufa, na nyeupe inamezwa na jiwe. Msomaji anabaki anatazama mwamba. Shanga nazo ni hivyohivyo. Ukiziondolea rangi, mpangilio wa mafungu yake hausomeki. Na mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, unaishi kwa rangi. Ukimchora chui wake kwa kalamu umebaki na mpaka wa chui, basi.

Wapo wapiga picha wanaomwagia maji michoro ya miambani ili rangi ikolee. Hilo likome kabisa. Maji yanaingia kwenye jiwe, yanaamsha chumvi zilizomo, na yakikauka chumvi hiyo inatoka juu na kuwa utando mweupe unaoziba mchoro au kuubandua. Picha ikolezwe kwenye kompyuta, mwamba uachwe mkavu.

Tatizo ni kwamba rangi nzuri haiji kwa kuilipia tu. Inaanzia kwenye kupiga picha: taa mbili zinazolingana, moja kila upande, zielekezwe kwa nyuzi 45 ili mng'ao wa mbao au wa rangi ya mafuta usirudi kwenye lenzi, kadi ya rangi iwekwe pembeni mwa kitu katika picha moja angalau, ili mtu wa kompyuta ajue nyekundu ile ilikuwa nyekundu gani, na picha iwe na ukubwa wa kutosha. Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya nukta 2,480 kwa 3,508. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na haifiki hapo. Itumwe kama dokumenti, au ipelekwe kwa flashi.

Mashine nayo ina yake. Rangi kamili hutokana na wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Mashine inayochapa rangi mbili kwa mpigo lazima ipitishe karatasi mara mbili. Kati ya mpito wa kwanza na wa pili karatasi inanyonya unyevu wa hewa na kutanuka kidogo, na katika mji wa kando ya ziwa kama Mwanza, hasa miezi ya mvua, hilo si jambo la kufikirika. Rangi zikipishana kwa sehemu mbili za kumi za milimita tu, ukingo wa kila kitu unaonekana umetiwa ukungu. Dawa yake inajulikana: marobota ya karatasi yakae ndani ya chumba cha mashine, yakiwa bado yamefungwa, siku moja au mbili kabla ya kazi, na mipito yote miwili ifanyike bila kuiacha karatasi ilale wazi usiku kucha.

Halafu kuna mbao nyeusi. Kigoda cha mtemi kilichopakwa moshi na mafuta ya mikono ya miaka mingi, au kinyago cha mpingo, ndicho kitu kigumu kuliko vyote kuchapa. Mtu wa kompyuta hurundika wino zote nne ili kupata weusi. Kila wino ukiwa asilimia 100, jumla inafika 400, wakati karatasi ya kung'aa inahimili kama 300 na bondi ya kawaida, yaani karatasi isiyong'aa, chini ya hapo. Ukizidisha, wino haukauki, unahamia nyuma ya karatasi iliyolala juu yake, na uso wa kinyago unakuwa baka moja lisilo na jicho wala mdomo. Kwenye bondi nukta za wino husambaa zaidi, kwa hiyo vivuli vinajifunga mapema. Vitabu vingi vya rangi vinavyoaibisha sanaa yetu vimeharibikia hapa, na waliovitengeneza walilipa bei ya rangi kamili.

Sasa hesabu. Chukua kitabu cha A4 chenye kurasa 96, kichapwe ofseti, yaani kwa pleti, bamba moja kwa kila wino, kwenye mashine kubwa inayobeba kurasa nane kila upande wa karatasi. Kila karatasi ikikunjwa inatoa fungu la kurasa 16, kwa hiyo kuna mafungu sita. Rangi kamili inataka pleti nne kila upande, yaani nane kwa fungu, 48 kwa kitabu, bila kuhesabu jalada. Nyeusi tupu inataka mbili kwa fungu, 12 tu. Mashine ikiwa nusu ya ukubwa huo, idadi hizo huongezeka mara mbili. Gharama ya pleti ni ileile uchape nakala 200 au 2,000, ndiyo maana toleo dogo la rangi linaumiza. Printa za dijitali hazina pleti, lakini bei ya nakala haishuki sana hata ukiagiza nyingi. Kwa nakala mia moja zinafaa, kwa elfu moja hazifai.

Uzito nao uhesabiwe. Karatasi 16 za A4 ni mita moja ya mraba, hivyo majani 48 ya kitabu hiki ni mita tatu. Kwa karatasi ya gramu 150 ni gramu 450 bila jalada; kwa bondi ya gramu 80 ni 240. Katoni inayokwenda Ukerewe kwa kivuko inabeba karibu nakala mbili za aina ya pili kwa kila moja ya aina ya kwanza.

Hata hivyo, bei siyo hoja yangu kuu. Hoja yangu ni kopi. Msomaji ninayemfikiria ni mwanafunzi wa ualimu pale Butimba jijini Mwanza, chuo kinachofundisha sanaa, au wa chuo kikuu kule Malimbe, au mwalimu wa sekondari anayetaka kurasa tatu za kufundishia kidato cha pili. Hao hawanunui kitabu. Maktaba inanunua kimoja, kinakwenda steshenari, na kuanzia siku hiyo kitabu kinachosomwa kweli ni kopi, na baadaye kopi ya kopi. Mashine ya kopi haijui huruma: njano hafifu inapotea, nyekundu iliyokolea na nyeusi vinatoka karibu sawa, kijivu chote cha picha kinagawanyika kuwa cheupe au cheusi. Ukurasa mzuri wa rangi ukifika kwenye kopi ya tatu haufundishi kitu. Mchoro wa mistari unafika mzima.

Chukua ngoma za watemi zilizohifadhiwa Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa kilomita kama 20 kutoka mjini Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Picha ya rangi itakupa umbo na hali ya ngozi. Lakini mtu anayetaka kujua ngoma ilivyoundwa anauliza mambo mengine: ngozi imekazwa kwa kamba au kwa vigingi, kamba inapita wapi ikienda chini, ukuta wa mbao una unene gani, ndani kumechongwaje. Mchoro mmoja uliogawanywa katikati, nusu ya kushoto ukionesha nje na nusu ya kulia ukionesha ngoma iliyopasuliwa, unajibu yote hayo. Hakuna kamera inayoweza kupiga hiyo.

Namna ya kuuchora siyo siri. Piga picha kutoka mbali, mita tatu au zaidi kwa kitu cha mita moja, ukivuta kwa lenzi. Ukisogea karibu, mdomo wa ngoma unavimba na kitako kinasinyaa. Weka kipimo cha sentimita 10 kando ya kitu, usawa mmoja nacho. Toa picha hiyo kubwa, weka karatasi ya kunakilia juu yake, chora kwa ukubwa mara mbili ya utakaochapwa. Kalamu ya 0.5 kwa mpaka wa nje, 0.3 kwa ndani. Ikipunguzwa nusu inakuwa 0.25 na 0.15, na hapo ndipo mwisho; kalamu ya 0.2 ikipunguzwa hivyo mstari unakatika kwenye kopi. Kivuli kifanywe kwa mistari iliyoachana, si kwa nukta, kwa kuwa nukta zilizosongamana huungana na kuwa doa. Chini ya mchoro uandike kimo kwa sentimita, aina ya mbao kama inajulikana, na kitu kilipohifadhiwa. Bila kimo, kingoma cha mtoto na ngoma ya mtemi vinalingana kwenye ukurasa, na kosa hilo liko hata kwenye vitabu vya picha vya bei ya juu.

Mistari ina dhambi yake, nayo ni kubwa: mchoraji huchora anachoamini. Kigoda kilichopinda ananyoosha, mguu uliovunjika anaurudishia, mwamba uliojaa nyufa anausafisha. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipokwenda Kondoa mwaka 1951 alinakili michoro ya miambani kwa kuifuatisha juu ya karatasi angavu, na kazi ile imetunza maumbo ambayo jua, mvua na mikono vimeendelea kuyafifisha. Eneo lenyewe liliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Lakini nakala kama hiyo inamtoa twiga kwenye mwamba wake. Huoni jiwe limeinama wapi, huoni mchoro gani umepita juu ya mwingine, isipokuwa mnakili ameamua kukuonesha. Kwa hiyo sheria iwe moja na iandikwe mwanzoni mwa kitabu: kilichoonekana kwa mstari mzima, kilichokisiwa kwa mstari wa vipandevipande. Na kila mchoro mkubwa uwe na picha yake ndogo, hata ya nyeusi na nyeupe, ili msomaji amkague mchoraji.

Ipo hoja ya heshima, na inasemwa kwa uchungu wa kweli: wachoraji wa Ulaya wanachapiwa vitabu vya kilo mbili vya rangi, sisi tuchapiwe kijitabu cheusi? Naielewa, lakini historia haiungi mkono wazo kwamba nyeusi ni ya wanyonge. Giorgio Vasari alipotoa toleo la pili la kitabu chake cha maisha ya wasanii wa Italia mwaka 1568, sura za wasanii hao zilichongwa kwenye mbao na kuchapwa kwa wino mweusi. Kazi za mchoraji Raphael zilienea Ulaya kwa michongo ya mistari ya Marcantonio Raimondi, na wachoraji wengi walijifunza kwa Raphael bila kuona rangi yake hata moja. Kinachodhalilisha ni uchapaji mbaya, na rangi mbaya inadhalilisha zaidi.

Ambapo wa rangi wananishinda ni kwa mtalii. Barabara ya Musoma inayopita Kisesa ndiyo inayokwenda lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Mgeni huyo hatanunua michoro ya kalamu, atanunua kitabu cha rangi, na pesa yake inaweza kukarabati paa la makumbusho. Hicho ni kitabu kingine, chenye msomaji mwingine, na kuvichanganya viwili kwenye jalada moja ndiko kunakozaa kitabu ghali kwa mwanafunzi na kikavu kwa mgeni. Kwangu cha mwanafunzi kitangulie, kwa sababu ndiye atakayekuwa mwalimu, na pengine mwandishi wa hicho cha pili.

Basi kitabu hicho cha kwanza kiwe na fungu moja la rangi la kurasa 16 kwenye karatasi ya kung'aa ya gramu 130, na mafungu matano meusi kwenye bondi. Pleti zinashuka kutoka 48 hadi 18. Kurasa hizo 16 zigombaniwe: miduara ya Mfangano iingie, shanga ziingie, Tingatinga aingie, ngoma, vigoda na vyungu vibaki kwenye mistari. Msomaji atapata usumbufu wa kufungua mbele na nyuma kutafuta picha, hilo halikwepeki, ila namba za picha ziwe za mfululizo mmoja na kila ukurasa wa maneno utaje namba kamili. Mafungu yashonwe kwa uzi, yasigandishwe kwa gundi peke yake, kwa sababu kitabu cha kutolewa kopi hukandamizwa wazi juu ya kioo mamia ya mara na gundi kavu hupasuka mgongoni. Ruhusa za wasanii zitafutwe mapema pia: sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake.

Na kabla pleti ya kwanza haijatengenezwa, chukua ukurasa wenye mchoro wa Mfangano, nyekundu ikiwa imewekewa mistari ya kulala na nyeupe ikiwa imeachwa wazi ndani ya mpaka wake. Upeleke steshenari yoyote ya mtaani, toa kopi, toa kopi ya kopi, kisha nyingine. Ukishika ile ya tatu na bado unaweza kusema duara lipi lilikuwa jekundu, ukurasa uende kwa mchapaji. Ukishindwa, rudi kwa mchoraji aachanishe mistari.