Heshima Haitolewi Stoo

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsaidia shemeji yangu kuhama. Alitumikia miaka minane katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, aliingia 2003, na vitu vyake vya jeshini vimekaa miaka yote kwenye masanduku mawili ambayo hata dada yangu hayagusi. Safari hii aliyafungua mwenyewe ili apunguze mzigo. Akatoa bereti nyeusi, akaigeuza mara moja, akaitia kwenye mfuko wa taka. Kisha akatoa kofia ya kombati, ile yenye ukingo wa mbele, imepauka na ukanda wake wa ndani umeganda chumvi ya jasho. Hiyo akaiweka mezani.

"Shemeji, bereti unaitupa?"

"Ile walinigawia tu," akanijibu. "Hii ndiyo nilikuwa nayo."

Usiku huohuo nikakuta mjadala mtandaoni, watu wanataka bereti nyeusi irudi vichwani mwa askari wote wa Marekani kwa sababu picha za zamani zinapendeza. Nimekereka, na bado nimekereka leo ninapoandika. Kutanguliza mwonekano ndiko kulikoanzisha makosa yote haya.

Oktoba 2000, Jenerali Eric Shinseki, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, alitangaza kwamba kuanzia 14 Juni 2001, siku ya kuzaliwa kwa jeshi hilo, kila askari atavaa bereti nyeusi, awe mpishi, fundi wa magari au karani wa mishahara. Sina neno na mpishi. Jeshi lisilokula halipigani. Lakini bereti hiyo ilikuwa na wenyewe. Ranger, askari wa miguu wa kuchaguliwa kwa mashambulizi ya ghafla, walikuwa wakiivaa rasmi tangu 1975, na kila aliyekuwa nayo kichwani alijua alilipa nini kuipata: usiku wa kutembea bila kulala, mabega yaliyochunwa na mikanda ya mzigo, na wenzake walioanza naye wakarudishwa njiani. Katika jeshi lile rangi ya bereti ilikuwa inasomeka kama jina. Kijani ni vikosi maalumu, na Rais Kennedy mwenyewe aliiidhinisha mwaka 1961. Rangi ya damu ya mzee ni askari wa miavuli. Nyeusi ni Ranger. Ulikuwa humwulizi mtu ametoka wapi, ulikuwa unamtazama kichwani.

Sasa fikiria umeamka asubuhi unaambiwa kile ulichokitolea jasho kitagawiwa kwa kila mtu, na lengo ni kuwapandisha wote moyo. Mimi siamini moyo wa mtu hupanda hivyo. Kuruta aliyepewa bereti kwa sababu tarehe imefika anajua hakuifanyia kitu, na Ranger anayemtazama anajua pia. Wote wawili wamepoteza, mmoja kanyang'anywa alama yake na mwingine kavishwa alama isiyomweleza. Ndiyo maana Ranger wastaafu walifunga safari kwa miguu kutoka kambi ya Fort Benning, Georgia, hadi Washington kulalamika. Hao ni watu wazima wenye familia, wanatembea mamia ya maili barabarani kwa ajili ya kitambaa cha sufu. Nikisoma habari yao koo hunikaba, maana waliomba tu wasinyang'anywe.

Mwisho wake Ranger walipewa bereti mpya ya rangi ya kahawia hafifu, inayokumbusha mavazi ya ngozi ya Ranger wa karne ya 18. Wapo wanaosema hapo mambo yalimalizika vizuri. Kwangu mimi ni familia iliyohamishwa kwenye nyumba yake ikajengewa nyingine nzuri. Nyumba ni nzuri kweli. Walihamishwa pia kweli.

Nitakubali jambo moja, kwa shida. Shinseki hakuwa mtu wa ofisini asiyejua vita. Sehemu ya mguu wake ilibaki Vietnam. Alikuwa anajaribu kulibadilisha jeshi lililojengwa kwa ajili ya Vita Baridi, na alitaka askari wake waone kwa macho kwamba mabadiliko yameanza. Nia hiyo naiheshimu. Ila mabadiliko ya jeshi yaanzie kwenye mafunzo na vifaa, kofia ifuate baadaye.

Na haraka ikaleta aibu. Sheria ya Marekani inataka mavazi ya jeshi yashonwe nchini, lakini tarehe ilikuwa imeshatangazwa, kwa hiyo sehemu ya bereti zikaagizwa nje, China ikiwemo. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani ikatua kwa dharura kwenye kisiwa cha Hainan, China, na watu wake 24 wakazuiliwa huko. Mwezi uliofuata Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikaamua bereti za China zisivaliwe.

Tuache heshima, tuizungumze bereti yenyewe kama kifaa. Ni sufu. Haina ukingo, kwa hiyo jua linakupiga machoni na mvua inaingia shingoni. Ikitoka stoo imevimba kama andazi, inabidi uiloweshe, uinyoe manyoya kwa wembe, kisha uivae mbichi mpaka ikaukie kichwani ndipo ipate umbo. Shemeji anasema aliharibu ya kwanza kwa wembe na akanunua ya pili kwa fedha yake. Kuivaa vizuri kunataka mikono miwili na kioo, wakati kofia ya kombati unaitoa mfukoni kwa mkono mmoja huku unatembea. Alikuwa akisimama gwarideni kambini majira ya joto na kurudi na paji la uso limeungua upande mmoja tu, ule ambao bereti haiufuniki. Shemeji alivaa hivyo kila siku ya kazi, maana bereti ilikuwa ndiyo kofia ya kawaida pamoja na kombati.

Kombati nazo zilikuwa na balaa lake. Kuanzia 2005 askari walivishwa mabaka ya miraba midogo ya kijivu na kijani hafifu, yaliyokusudiwa kufaa jangwani, msituni na mjini kwa pamoja. Hayakufaa vizuri popote, na majaribio ya jeshi lenyewe yalionyesha mabaka mengine yanaficha vizuri zaidi. Waliokuwa Afghanistan walianza kupewa mengine mwaka 2010, na yale ya kijivu yakaondolewa kabisa 2019. Hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Bereti mbaya inakuunguza uso, lakini mabaka mabaya yanamwonyesha adui ulipo.

Tarehe 14 Juni 2011, miaka kumi kamili, kofia yenye ukingo ikarudishwa kuwa ya kila siku pamoja na kombati, na bereti nyeusi ikabaki ya sare za heshima. Kabla ya hapo Sajini Meja wa jeshi zima, Raymond Chandler, alizungumza na askari akasikia wanachotaka. Kuuliza tu. Kungefanyika mwaka 2000, hii makala nisingekuwa na haja ya kuiandika.

Sare mpya ya heshima waliyoitangaza Novemba 2018 naipenda, nasema wazi. Koti la kijani kilichokolea na suruali ya rangi nyepesi, mshono wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kufikia 2027 kila askari anatakiwa awe nayo. Hiyo nayo ni ya kila mtu, mpishi na Ranger. Tofauti ni kwamba haikuchukuliwa kwa mtu. Enzi za vita hivyo ilikuwa ya maofisa wa jeshi zima, si alama ya kikosi kimoja, kwa hiyo askari yeyote akiivaa leo hakuna anayeachwa kichwa wazi.

Tulimaliza kupakia saa nane mchana, jua kali. Shemeji alikuwa amebakiza kabati na magodoro. Akapita mezani, akaichukua ile kofia iliyopauka, akaivaa, akashusha ukingo machoni, akaniambia nishike upande wa pili wa kabati.